Mfereji unatoka, lakini maji nani kayapima?

Kila mradi wa maji ukizinduliwa hapa kwetu Zanzibar picha ni ile ile, mheshimiwa kafungua mfereji, maji yanaruka, watu wanapiga makofi na kina mama wanapiga vigelegele, na mimi nikiiona picha hiyo nafurahi kweli kweli maana najua kubeba ndoo kichwani ni kitu gani. Ila kuna suali moja sijawahi kulisikia likiulizwa pale penye sherehe. Maji yale yamepimwa lini mara ya mwisho, yatapimwa tena lini, na majibu yake sisi tunaoyanywa tutayaona wapi?

Nauliza kwa sababu watu wengi, na wasomi wamo, wanachanganya mambo mawili, maji kupatikana na maji kuwa salama. Mtu anakwambia "sisi kwetu alhamdulillah shida ya maji imekwisha, tuna kisima uwani", ukimuuliza hicho kisima kiko umbali gani na karo la choo anakuona unamtafutia maneno. Mimi nakaa Fuoni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, viwanja vyetu ni vidogo, kila mtu kachimba chake, na mambo haya nayaona kila siku nikifungua dirisha. Na kadiri ninavyosoma na kuuliza ndio naona kwamba sisi tunahesabu visima, tunahesabu matangi, tunahesabu kilomita za mabomba, usafi wenyewe hatuuhesabu.

Tuanze chini ya miguu yetu. Unguja hatuna ziwa wala mto mkubwa wa kutegemea, karibu maji yote tunayokunywa ni mvua iliyozama ardhini, ile ya masika kuanzia Machi mpaka Mei na ile ya vuli Oktoba mpaka Disemba, inaingia kwenye mchanga na mawe ya chokaa inakaa humo, halafu sisi tunaivuta kwa visima na chemchem. Sasa jiwe letu hili lina tabia yake. Kwenye mchanga mzuri maji yanashuka taratibu, yanachujika, na vijidudu vingi vinakufa njiani kabla havijafika mbali. Jiwe la chokaa lina nyufa na mapango, maji yanapita humo moja kwa moja, kilichomwagwa juu wiki hii kinaweza kufika kwenye kisima cha jirani bila ya kuchujwa na kitu chochote. Watu wa mashariki, Makunduchi, Jambiani, Paje, wanalijua jiwe hili kuliko sisi wa mjini, maana kwao huko maweni udongo ni haba, na wazee wao walikuwa wanateremka mapangoni kuteka maji. Hata pango la Mangapwani lina maji yake matamu ndani.

Halafu kuna bahari. Maji matamu ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyoingia chini kwa chini, kwa sababu matamu ni mepesi zaidi. Hesabu wanayosomeshwa watu wa fani hii ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo kabla hujakutana na chumvi. Ukiisoma hivyo unaona tuna utajiri. Lakini igeuze hesabu hiyo, ukivuta kwa pupa mpaka ile mita ya juu ikashuka ikawa nusu, chumvi ya kule chini inapata nafasi ya kupanda mita 20. Ndio maana kisima cha pwani kinaanza vizuri watu wanakisifia, halafu baada ya miaka kadhaa chai inaanza kuwa na ladha, sabuni haitoi povu, na hapo tena hakuna kuchemsha wala dawa ya jikoni itakayoitoa chumvi ile.

Kwa hiyo suala la hoteli halikwepeki, na mimi nalisema wazi wazi. Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa utafiti uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ukakuta nyumba ya kawaida ya mwenyeji inatumia kama lita 93 kwa siku, na chumba kimoja tu cha hoteli ya nyota 5 kinatumia lita 3,195. Chumba kimoja! Sipingi utalii, nusu ya watu ninaowajua wanakula kwa utalii na mimi nina ndugu wanaofanya kazi huko huko, lakini kisima cha hoteli na kisima cha kijiji vinavuta kwenye maji yale yale yanayoelea, mwenye pampu kubwa anavuta na mwenye ndoo anaachiwa chumvi. Hoteli kubwa ya pwani ina uwezo wa kusafisha maji ya bahari kwa mitambo, na nyingine zinafanya hivyo. Basi liwe sharti kwa zote kubwa. Bibi wa Jambiani hawezi kununua mtambo.

Mji wenyewe umekuwa ukinywa kutoka upande wa kaskazini tangu enzi za Sayyid Barghash. Kabla yake watu wa mjini walitegemea visima vilivyokuwa humo humo mjini pamoja na maji ya mvua, visima katikati ya nyumba na vyoo, na kipindupindu cha 1869 na 1870 kikaua maelfu ya watu. Barghash alikamata utawala mwaka huo huo wa 1870, na kabla ya kufariki 1888 alishaleta maji ya chemchem ya Bububu mpaka mjini. Jambo hili nalipenda sana kwa sababu linaonesha fikra iliyo sahihi, yachukue maji pale ambapo hapana watu wala vyoo, ukayalete pale walipo watu. Mpaka leo mji unategemea upande ule, chemchem za Bububu na Mwanyanya, visima vya Kaburikikombe, na msitu wa Masingini pale juu ndio unaosaidia mvua izame badala ya kukimbilia baharini.

Tatizo ni kwamba watu nao tumehamia huko huko. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar nzima 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773, na karibu laki tisa kati yetu tuko Mkoa wa Mjini Magharibi. Watu hao wote wanataka pa kukaa, na hawajapewa majumba ya ghorofa ndani ya mji, wamenunua viwanja vya shamba, Fuoni, Kisauni, Kianga, Mwera, Dole, Bububu, sehemu ambazo zamani zilikuwa minazi na mikarafuu na mihogo, na kila nyumba inayojengwa kitu cha kwanza au cha pili kuchimbwa ni karo. Hatuna mfumo wa mabomba ya maji machafu huku, kila familia vyoo vyake vinaingia kwenye shimo chini ya ua wake, na shimo lenyewe mara nyingi limejengwa matofali pembeni tu chini limeachwa wazi makusudi, ili maji yazame na karo lisijae haraka. Hebu fikiria neno hilo, "yazame". Yanazama yakaende wapi?

Kanuni inayotumika sana duniani ni kwamba choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na chini ya shimo kubaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufika kwenye maji. Na hizo mita 30 ni kwa udongo wa kawaida, kwenye jiwe lenye nyufa hata hizo hazitoshi. Sasa viwanja vyetu vingi havifiki mita 30 upande wowote. Mtu akiweka karo pembe hii na kisima pembe ile anaona kajitahidi, hajui kwamba jirani wa nyuma naye karo lake liko ukutani hapo hapo, na wa kulia naye vile vile. Kisima kimezungukwa.

Jirani yangu alipoleta fundi kuchimba kisima nilitoka kuangalia. Mzee wa watu, mchapa kazi, ameshachimba visima vingi tu mitaa hii. Nikamuuliza, "Ami, shikamoo, na karo la hawa wa nyuma umelionaje?"

"Marahaba mwanangu. Karo liko kule, kisima kiko hapa, yana ugomvi gani?"

"Huku juu hayana. Huko chini je?"

Akafikiri kidogo. "Huko chini mimi naona maji, na maji yenyewe yanakuja meupe mazuri kama unavyoyaona. Lau kama yangekuwa na uchafu mimi ndie wa mwanzo kuyaona, maana ndie niliemo ndani."

Simlaumu hata kidogo. Hakuna alomfundisha, na hilo analolisema ndilo linalosemwa na kila mtu, maji meupe ndio maji safi. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakionekani kwa jicho, cha homa ya matumbo hakionekani, na naitreti inayotoka kwenye mavi na mkojo haionekani, haina harufu, haina ladha. Tena hiyo naitreti ni shida ya aina yake, Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita kwa sababu ikizidi inaharibu namna damu ya mtoto mchanga inavyobeba hewa, anayekuwa hatarini hasa ni yule anaekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, na ukiyachemsha haitoki, maji yanapungua kwa mvuke naitreti inabaki ile ile, kwa hiyo inazidi kuwa kali. Mafundi wa visima wanatakiwa wasomeshwe na wasajiliwe na wawe na ramani, na mtu asichimbe mpaka mtu wa maji aje aangalie makaro ya majirani wote. Kama fundi wa umeme anatakiwa ajulikane, huyu anaetuchimbia tunachokunywa kwa nini asijulikane?

Na hapa niseme jambo ambalo najua wengine litawauma. Visima vya sadaka. Kisiwa chetu kimejaa kheri hii, mtu yuko Uarabuni au Ulaya anatuma pesa, kinachimbwa kisima pembeni ya msikiti au skuli, kinawekwa kibao chenye jina la marehemu, na thawabu zake Inshaallah zinamfikia. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma Madina akakiachia watu wote wanywe bure, sisi sote tumelisoma hilo chuoni. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo tuliyesomeshwa kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, ndie aliyetuonya pia kuhusu mambo yanayoleta laana, na mojawapo ni kwenda haja kwenye maji wanayoyatumia watu. Mimi si mwanachuoni, ila naona kisima kilichochimbwa pembeni ya makaro ya msikiti, hakijapimwa siku ya kwanza wala mwaka wa tano, pampu ikiharibika hakuna wa kuitengeneza, kisima hicho hatujakitimizia haki yake. Anayetaka kutoa sadaka ya maji naomba atenge na fungu la kupima kila baada ya miezi kadhaa, na la fundi wa pampu. Na pengine kuzibia chini karo la skuli au kulinda eneo moja la msitu wa chemchem kuna thawabu kubwa kuliko kisima cha ishirini kwenye mtaa ule ule.

Sasa tuje kwenye mfereji wa bomba, maana kuna watu watasema basi tuachane na visima vya uwani tutumie maji ya bomba yaliyotiwa dawa. Sawa, huko ndiko tunakotakiwa kwenda. Ila bomba lina siri yake, na siri hiyo ni mgao. Wengi wetu maji yanakuja saa fulani, mara nyingi usiku wa manane, yanakaa kidogo yanakatika. Watu wanadhani mgao unaleta usumbufu tu wa kuamka. Mgao unachafua maji. Bomba likiwa limejaa na lina nguvu, hata likiwa na tundu, maji ndio yanayotoka nje, uchafu hauingii. Maji yakikatika bomba linabaki tupu, na tupu hilo linavuta, kila penye ufa au kiungo kilicholegea linavuta kilichopo nje, na mabomba yetu ya mitaani mengine yanapita ndani ya mitaro, mengine juu ya karo la mtu, mengine yamefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Masika ikija mitaro imejaa, makaro yamefurika, bomba limelala humo humo. Maji yakifunguliwa tena usiku, ndoo ya mwanzo ni ile iliyoingia mchana.

Juu ya hilo kuna hizi mota. Mtu maji hayamfikii kwa nguvu, ananunua mota anaifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa anavuta. Jirani naye akiona hapati ananunua mota kubwa zaidi. Mtaa mzima unavuta bomba ambalo halina maji ya kutosha, kwa hiyo lile tupu nililolisema linakuwa kali mara dufu, tunavuta mpaka maji ya mtaroni. Kila mara linatoka tangazo la kukataza mota na kila mara mota zipo, na mimi nawaelewa wenye mota, mwanamke ana watoto sita na mgonjwa ndani utamwambia asivute? Dawa ni bomba kuwa na nguvu saa ishirini na nne, hata kama ni kwa kuanza na shehia chache, yaani mitaa yetu ya utawala, mpaka zikamilike, kuliko kumpa kila mtu saa mbili za maji yasiyoaminika.

Ile klorini, dawa ya kuulia vijidudu inayotiwa kwenye matangi makubwa, nayo inapotelea hapo hapo. Inatakiwa maji yakifika kwenye mfereji wako yawe bado yamebakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, hiyo ndiyo inayoyalinda njiani na ndani ya ndoo. Bomba likinyonya uchafu klorini yote inaliwa na uchafu ule, maji yanafika hayana kinga. Watu wengi wakisikia harufu ya dawa wanalalamika, mimi harufu kidogo ya dawa inanipa moyo.

Na umeme. Waliokuwepo wanakumbuka waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ulivyotukatikia, Mei na Juni 2008 karibu mwezi mzima, halafu tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja kiza. Watu wakikumbuka wanataja taa na samaki walioharibika kwenye mafriji. Mimi nakumbuka foleni za ndoo. Pampu zote za visima vikubwa zinaenda kwa umeme, pampu zikilala mji mzima umelala na kiu, na watu wakarudi kwenye visima vya zamani ambavyo vilishafunikwa mabati, ambavyo hakuna aliyejua vina nini ndani. Sasa hivi waya mkubwa zaidi upo, jenereta zipo baadhi ya vituo, lakini kwa jua hili tulilonalo kila kisima kikubwa cha umma kilikuwa kiwe na umeme wake wa jua zamani sana.

Pesa je? Kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi ya 1964 maji ya mfereji yalikuwa bure, na watu wa rika la mama yangu bado wanaona kulipia maji ni jambo geni. Sheria ya 2006 ndiyo iliyoleta Mamlaka ya Maji, ZAWA, na malipo yakaja. Mimi niko tayari kulipa na naamini wengi wako tayari, kwa sababu tunalipa tayari, tena ghali, tunalipa kwa madumu ya gari, kwa chupa za dukani, kwa tangi la plastiki juu ya paa, kwa mota, kwa umeme wa mota, na kwa hospitali mtoto akiharisha. India ilikubali 2016 kutukopesha dola milioni 92 kwa ajili ya maji, na mkopo ni deni, wajukuu wetu watalilipa. Ukilinganisha na pesa za namna hiyo gharama ya kupima maji kila shehia na kubandika majibu ni kitu kidogo mno, na ndicho kinachokosekana.

Pemba ni kisa chengine. Mama yangu ni mtu wa Micheweni, na mimi likizo zangu za skuli nyingi zilikuwa huko. Ukitoka Mkoani mpaka Chake mpaka Wete unaona kijani, mabonde, vijito, mvua za kutosha, mtu anasema watu hawa maji watayakosaje. Mabonde yenyewe ndiyo yenye visima vya kienyeji, pembeni ya mpunga, na mvua ikinyesha kila kilichoko mlimani, mavi ya ng'ombe, vyoo, mbolea, kinateremka bondeni kwenye kisima ambacho hata ukingo hakina. Micheweni ni kinyume, huko ni mawe, maji haba na mengine ya chumvi chumvi, bibi alikuwa anatutuma alfajiri na mapema kabla foleni haijawa ndefu, na tukirudi anayaacha kwanza mtungini yatulie ndio tunywe. Alikuwa na kitambaa chake cheupe cha kuchujia, anakifua kila siku anakianika juani. Kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa kinapunguza vijidudu vya kipindupindu kwa kiasi maana vingine vinajishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, hiyo imeshathibitishwa Bangladesh, lakini hakitoshi peke yake, na bibi mwenyewe maji ya watoto wachanga alikuwa anayachemsha.

Nikiwa bado kwenye mambo ya nyumbani, maana wakati tunasubiri mabomba tunakunywa leo. Kuchemsha mpaka yatokote kabisa ndio njia ya uhakika kwa vijidudu, ila mkaa na gesi vina bei. Vidonge vya klorini kama WaterGuard ni rahisi zaidi, kidonge kimoja ndoo ya lita 20, unakoroga unasubiri nusu saa, na maji yakiwa na vumbi uyachuje kwanza kwa kitambaa. Asiekuwa na hata hicho kuna jua, chupa nyeupe ya plastiki inayopitisha mwanga, jaza maji yasiyo na tope, ilaze juu ya bati masaa sita jua kali, kukiwa na mawingu siku mbili. Na maji yakishakuwa safi yasirudishwe kwenye uchafu, ile kata inayotumbukizwa na kila mkono kwenye ndoo iliyo wazi inaharibu kazi yote, chombo chenye kifuniko na mfereji wake chini ndio bora, hasa Ramadhani wakati wa futari ambapo mikono mingi inakimbilia maji kwa pamoja.

Masika ya 2016 tuliona matokeo. Kipindupindu kilikuwa kimeshaanza tangu mwaka uliotangulia, maelfu ya watu waliugua, makumi wakafa, na Aprili skuli zikafungwa. Na si mara ya kwanza, mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo ya kunywa kwa sababu ya ugonjwa huu huu, na serikali baadaye ikaweka mpango wa miaka kumi wa kuutokomeza mpaka 2027. Chanjo naikubali na watoto wangu wakiitwa nawapeleka. Lakini kinga ya chanjo inaisha baada ya miaka michache, na bomba lililotoboka liko pale pale.

Kwa hiyo ninachokitaka nakitaja kwa jina lake. Kila shehia iwe na karatasi ukutani kwa sheha, yule kiongozi wa shehia, yenye tarehe, jina la kisima au mfereji uliopimwa, klorini iliyokutwa, chumvi, naitreti, na kama bakteria wa kinyesi wamekutwa au hawakukutwa, maana kiwango kinachokubalika cha hao bakteria ni sifuri katika mililita 100. Ikikutwa mbaya iandikwe mbaya, tujue tuchemshe.

Na wakati karatasi hiyo haijaja, skuli zetu za sekondari zinaweza kuanza. Kuna kipimo rahisi sana, kichupa chenye karatasi iliyotiwa dawa, unamimina maji unakiacha mezani siku moja au mbili kwenye joto letu hili la kawaida, yakigeuka meusi maji hayo yana dalili ya kinyesi. Hakihitaji maabara, hakihitaji umeme. Si kipimo cha mwisho, kisima kikigeuka cheusi ndio wataalamu waitwe waje na vifaa vyao, lakini maalim wa sayansi na wanafunzi wake wanaweza kuupima mtaa mzima ndani ya muhula mmoja, wakaanza na kisima cha skuli yenyewe kisha cha msikiti. Nimeshazungumza na maalim mmoja wa huku kwetu na amekubali, anachosubiri ni idhini ya mwalimu mkuu na vichupa vya kuanzia, na tunataka kuanza kabla masika hayajaingia ili tupime kisima kile kile wakati wa ukavu na kisha kikinyeshewa, tuone tofauti.